Mani: maana ya kuitwa eneo lililowasha vita vya uhuru wa Ugiriki

Bendera nyingi walizobeba Wagiriki walipoinuka dhidi ya Dola ya Uthmaniya mwaka 1821 zilikuwa na maneno "Uhuru au Kifo". Ya watu wa Mani ilisema "Ushindi au Kifo". Ukiwauliza Wamani sababu, watakujibu kwamba uhuru walikuwa nao tangu zamani, kilichokuwa kimebaki ni kushinda. Ni neno moja tu lililobadilika, lakini anayelielewa neno hilo ameshaelewa sehemu kubwa ya jibu la swali hili: kwa nini kipande cha mawe kilichojificha mwisho wa nchi ndicho kinachotajwa vita vile vinapozungumzwa?

Kusini kabisa mwa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, nchi kavu inaingia baharini kama vidole vitatu. Kidole cha kati ndicho Mani. Katikati yake unapita mlima Taygetus, wenye kilele kinachozidi mita 2,400, ukishuka hadi ncha ya Tainaron, mahali ambapo Wagiriki wa kale waliamini pana mlango wa kuzimu. Udongo ni haba, mvua ni haba, na kinachostawi kwa uhakika ni mizeituni. Kila ukoo wenye nguvu ulijijengea mnara wa mawe, mwembamba na mrefu, wenye vitundu vya kutolea mitutu. Koo zilipogombana, mwenye mnara mrefu zaidi alimpiga jirani yake kutokea juu. Kisasi kilirithiwa kama shamba. Mtoto wa kiume akizaliwa, watu walisema nyumba imepata bunduki, na hawakuwa wanatania: nguvu ya ukoo ilihesabiwa kwa idadi ya bunduki zake, yaani wanaume wake.

Kusema kwamba Mani haikuwahi kuguswa na Waothmani ni kutia chumvi. Waliingia mara kadhaa, na ngome yao ya Kelefa ya karne ya 17 bado ipo. Ila kukaa humo kuliwashinda. Gharama ya kuitawala ilikuwa kubwa kuliko kodi ambayo ingepatikana. Kwa hiyo baada ya uasi wa mwaka 1770, ule uliochochewa na Urusi kisha Wagiriki wakaachwa wapigwe peke yao, sultani alichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1776 Mani ilipewa mtawala kutoka miongoni mwa Wamani wenyewe, mwenye cheo cha bey, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia uharamia na kupeleka ushuru wa jumla. Ushuru huo mara nyingi haukufika.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini. Sultani alitaka kupunguza gharama, na katika kufanya hivyo akaacha ndani ya dola yake eneo lenye wanaume wenye silaha, lisilo na askari wake, na lenye mkubwa mmoja ambaye koo zote zilikuwa zimezoea kumsikiliza, japo kwa shingo upande. Kwingineko Peloponnese mambo hayo matatu hayakupatikana pamoja.

Wazo lenyewe la kupigania uhuru halikuzaliwa Mani, na ni vizuri jambo hili liwe wazi. Chama cha siri cha Filiki Eteria, maana yake Chama cha Marafiki, kilianzishwa na wafanyabiashara wa Kigiriki mjini Odessa mwaka 1814. Hata risasi za kwanza zililia mbali: Februari 1821 Alexandros Ypsilantis, kiongozi wa chama hicho, alivuka mto Prut na kuingia Moldavia, katika eneo la Romania na Moldova za leo. Jaribio hilo lilizimwa kufikia Juni. Kwa hiyo tunaposema Mani "iliwasha" vita, tunazungumzia mahali moto uliposhika kuni, ukaendelea kuwaka.

Wakati ulikuwa mwafaka. Khursid Pasha, gavana wa Peloponnese, alikuwa ameondoka na jeshi kwenda kumkabili Ali Pasha aliyeasi huko Ioannina. Lakini wazee wenye mashamba walisita. Walikumbuka namna nchi ilivyoteketezwa baada ya 1770, na Waothmani, waliokwisha kunusa jambo, waliwaita viongozi na maaskofu wafike Tripolitsa, makao yao makuu ya kuitawala Peloponnese, ambako walizuiwa kama mateka. Bey wa Mani, Petros Mavromichalis, maarufu kama Petrobey, naye alimpeleka huko mwanawe Anastasios. Alikuwa na cha kupoteza kama wenzake.

Huku nyuma, Januari, Theodoros Kolokotronis, mpiganaji aliyekuja kuwa jemadari mashuhuri wa vita hivi, alikuwa ameshaingia kimyakimya akitokea kisiwa cha Zakynthos, akapokelewa na ukoo wa Mourtzinos kwenye minara yao ya Kardamyli, ndani ya Mani. Mtu anayetafutwa na serikali angeweza kukaa wiki nyingi hivyo wapi kwingine? Kisha ikaja meli iliyobeba baruti na risasi kutoka Smyrna (Izmir ya leo), ikatia nanga Almyros, karibu na Kalamata, mji jirani wa Mani. Shehena ilipoanza kupandishwa kwa nyumbu, Arnaoutoglou, mkuu wa Kiothmani wa Kalamata, aliingiwa na wasiwasi. Akafanya jambo ambalo mfumo wa bey ulimfundisha kulifanya: akaiomba Mani impelekee walinzi. Petrobey alimtuma mwanawe Ilias na watu kama 150. Wakaingia mjini kwa mlango wa mbele, kwa mwaliko.

Tarehe 17 Machi Wamani walikusanyika Tsimova, mji ambao baadaye ulipewa jina Areopoli, yaani mji wa Ares, mungu wa vita. Wakainua bendera yao na kula kiapo. Tarehe 23 Machi wapiganaji wapatao 2,000 walikuwa Kalamata, Arnaoutoglou akasalimu amri bila vita vya maana, na makasisi wakaongoza sala ya shukrani kando ya kanisa dogo la Mitume Watakatifu. Siku hiyohiyo likaundwa baraza, na Petrobey akatia saini tangazo lililoelekezwa kwa mataifa ya Ulaya kuyaeleza kwamba Wagiriki wameamua kujikomboa na kwamba wanaomba msaada. Mimi naliona tangazo hilo kuwa zito kuliko kuuteka mji wenyewe. Mpaka siku ile waasi wangeweza kuitwa wanyang'anyi wa milimani. Kuanzia hapo walikuwa watu wenye madai, wakizungumza na dunia. Na wazee waliokuwa wanasita hawakuwa tena na pa kurudi.

Tarehe hizi ni za kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma ya ile tunayotumia leo kwa siku 12. Pia Mani haiko peke yake katika kudai nafasi ya kwanza: Kalavryta na Patras, kaskazini mwa Peloponnese, mapigano yalianza siku chache kabla ya Kalamata. Sikukuu ya taifa nayo ni 25 Machi, kwa sababu siku hiyo ni ya Malaika kumpasha Maria habari, na kanisa na taifa vikaunganishwa humo.

Gharama haikuwa ndogo. Ilias aliuawa Evia mwaka 1822, na Kyriakoulis, nduguye Petrobey, mwaka uleule huko Epirus. Wala si Wagiriki pekee waliolia: Tripolitsa ilipoanguka mwaka 1821, maelfu ya Waislamu na Wayahudi wa mji ule waliuawa, na anayesimulia vita hivi asilifiche hilo. Mwaka 1826 majeshi ya Ibrahim Pasha kutoka Misri, yaliyokuja kumsaidia sultani, yaliijaribu Mani. Yalizuiwa kwenye ukuta wa Verga, na yale yaliyoshuka kwa bahari kwenye ghuba ya Diros yaliwakuta wanawake mashambani wakivuna. Wakapigana nayo kwa mundu walizokuwa nazo mkononi.

Baada ya ushindi, hali ileile iliyoiwezesha Mani kuanza vita iligeuka tatizo la dola mpya. Rais Ioannis Kapodistrias alitaka kodi na sheria moja kwa wote, akamfunga Petrobey. Mwaka 1831 wawili wa ukoo wa Mavromichalis, Konstantinos na Georgios, walimuua rais huyo mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Spyridon mjini Nafplio. Mwaka 1834 serikali ya mfalme Otto, mwana wa mfalme wa Bavaria, ikapeleka askari wa Kibavaria wabomoe minara. Wamani waliwapiga, wakawateka, wakawavua sare. Minara ya Vatheia, kijiji cha Mani, bado imesimama juu ya kilima chake, ikitazama bahari.