Laptopu haiwaki, ndo imekufa? Hebu subiri kwanza

Laptopu yangu iligoma kuwaka, fundi wa kwanza hata hajaifungua akasema mazabodi (ubao mkuu wa ndani) imeungua, wa pili akabadilisha tundu la chaja tu na hadi leo naitumia. Tangu hapo neno "imekufa" silipokei hivihivi.

"Haiwaki, nunua nyingine." Aisee, anza na chaja! Umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, chaja ndo zinaumia, azima ya mwenzio yenye volti ileile na kichwa kilekile ujaribu. Bado? Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 halafu rudisha chaja peke yake, kuna mashine zinaamka hapohapo. Kama feni inazunguka ila skrini nyeusi, imulike na tochi ya simu, ukiona picha kwa mbaali ujue ni taa ya nyuma ya skrini imezima, au ichomeke kwenye tivii kwa waya wa HDMI uone.

"Mafaili nayo yameenda." Mafaili yanakaa kwenye hadidiski au SSD (diski ya kisasa ya chipu), unaichomoa unaiweka kwenye kasha la USB unasoma kwa kompyuta nyingine. Ila kama BitLocker (kufuli ya Windows ya diski) imewashwa utadaiwa namba ya siri ya tarakimu 48, angalia akaunti yako ya Microsoft. MacBook za miaka ya karibuni ndo mtihani, hifadhi imechomelewa kwenye mazabodi yenyewe, kwa hiyo lazima ubao uamke kwanza.

"Mazabodi ikiungua hairekebishiki." Ubao una vijidude mamia, kapasita moja (kijidude kinachotunza chaji) ikipiga shoti mashine nzima inazima, na fundi mwenye multimita (kipimo cha umeme) anaipata. Muulize kipi kimeungua, akijing'atang'ata chukua mashine yako uondoke. Ila wale wa kuchemsha chipu ya picha kwa hita wanakupa furaha ya wiki chache tu, inalala tena.

Na ile ya kuifukia kwenye mchele iliyomwagikiwa chai? Mchele utaupika, sukari itabaki ndani inakula ubao. Zima, toa betri, ifunguliwe isafishwe kwa spiriti, basi.

Halafu kuna hii ya "kutengeneza ni nafuu siku zote", nayo uongo. Mimi gharama ikipita nusu ya bei ya yuzdi ya aina hiyohiyo naachana nayo. Na angalia umri, Windows 10 ilikatiwa sapoti 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel za chini ya jenereisheni ya 8 karibu zote hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, sasa kuibadilishia mazabodi mashine ya 2014 ni kuchoma hela, labda uwe unataka kuweka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) mtoto ajifunzie kutaipu.

Na ukiamua kuiacha usiitupe, toa diski yako ubaki nayo, skrini na RAM (kumbukumbu ya muda) mafundi wananunua.