Kichocho: Mtu, Konokono na Maji

Ikolojia ni nini, na inanihusu nini mimi niliyemleta mtoto kutafuta dawa?

Ikolojia ni elimu ya jinsi viumbe hai wanavyohusiana wao kwa wao na pia na mazingira wanamoishi: maji, udongo, joto, mwanga. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1866 na mwanasayansi wa Ujerumani, Ernst Haeckel, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Linakuhusu kwa sababu yapo maradhi ambayo hutayaelewa ukimtazama mgonjwa peke yake. Kichocho ni mojawapo. Mnyoo wake ana nyumba mbili, mwili wa mtu na mwili wa konokono, na njia ya kutoka nyumba moja kwenda nyingine ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ya mto, lambo, ziwa au jaruba la mpunga.

Minyoo hiyo inaishi vipi?

Ndani ya mtu, minyoo wakubwa hukaa kwenye mishipa ya damu. Wa kichocho cha mkojo, kilichoko Unguja na Pemba, hukaa karibu na kibofu. Wa kichocho cha tumbo, kilichozoeleka kandokando ya Ziwa Victoria, hukaa karibu na utumbo. Dume ana mfereji mwilini, na jike hulala humo akikumbatiwa. Wanaweza kuishi hivyo miaka kadhaa, jike akitaga kila siku.

Mayai yana mwiba. Baadhi hupenya hadi kwenye kibofu au utumbo na kutoka na mkojo au kinyesi. Ndiyo sababu ya damu unayoiona. Yanayokwama mwilini ndiyo yanayoleta madhara ya baadaye: ini kuharibika, kibofu kuumia, hata saratani ya kibofu.

Yai likiangukia maji baridi, linaanguliwa. Kijibuu kinachotoka kina muda mfupi sana, takriban siku moja, kumpata konokono wa aina yake; asipompata anakufa. Akimpata, anazaliana ndani yake, na baada ya wiki chache konokono huyo mmoja huanza kumwaga maelfu ya mabuu wenye mkia uliogawanyika panda. Hao ndio wanaopenya ngozi yako ukiingia majini, na hawahitaji kidonda.

Sasa angalia saa. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mabuu nao hutoka kwenye konokono jua likiwa kali. Ni saa hizohizo watoto wanapoogelea na mama wanapofua. Mnyoo huyu amejifunga na ratiba yetu, na kwangu hilo ndilo somo zima la ikolojia.

Nitamtambuaje konokono huyo?

Si yule mkubwa wa shambani. Huyu ni mdogo, wengi hawazidi ukucha wa kidole, hukaa majini kwenye majani na vijiti. Chukua gamba kavu. La konokono wa kichocho cha tumbo ni bapa, limejiviringa kama kata ya kubebea ndoo. La konokono wa kichocho cha mkojo lina ncha: lishike ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama, utaona mdomo uko kushoto. Usiingize mkono majini kuwatafuta walio hai.

Baharini hayumo, kwa hiyo anayeoga baharini hapati kichocho huko.

Mwanangu alimeza dawa shuleni mwaka jana. Mwaka huu anakojoa damu tena. Dawa ilikuwa mbovu?

Hapana. Prazikwanteli, dawa ya kichocho aliyomeza, huua minyoo wakubwa, lakini wachanga wa wiki chache huiponyoka. Na haimkingi mtoto asiambukizwe upya. Akirudi kwenye lambo lilelile, lenye konokono walewale, atapata minyoo mipya. Mpeleke atibiwe tena, ameze baada ya kula, kisha tuulize anachota na kuoga wapi.

Bwawa linaweza kuleta kichocho mahali ambapo hakikuwepo?

Linaweza, na mfano unaonisikitisha ni wa Senegal. Bwawa la Diama lilijengwa karibu na mdomo wa mto Senegal, likakamilika mwaka 1986, ili maji ya chumvi yasipande na wakulima wamwagilie. Maji yakawa baridi na matulivu mwaka mzima, konokono wakastawi. Kamba wa mtoni, ambao hula konokono na huhitaji kushuka kwenye maji ya chumvi kuzaliana, wakazibiwa njia. Mwaka 1988 kichocho cha tumbo kikaonekana mji wa Richard-Toll, na kikaenea upesi mno. Walioathirika walikuwa wale wale waliokusudiwa kunufaika.

Basi tumwage sumu, konokono wafe?

Dawa ya kuua konokono ipo na hutumiwa, ila na wataalamu, kwa sababu huua samaki pia. Msimwage chochote wenyewe kwenye maji mnayovua. Ipo njia nyingine iliyojaribiwa hukohuko Senegal: kung'oa magugu ya majini pale watu wanapoogea. Konokono hujificha na kula humo. Maambukizi kwa watoto yalipungua, na magugu yakawa mboji na chakula cha mifugo. Wanaong'oa lazima wavae mabuti na glavu ndefu, kisha watibiwe.

Nyumbani nifanye nini?

Choo kwanza, kitumike na kila mtu, wavuvi na wachungaji wakiwemo, maana mkojo wa mtu mmoja bwawani unatosha kuanza mzunguko. Maji ya kuoga yachemshe, au yachote yasiyo na konokono, yafunike na yakae siku mbili. Mabuu wasiopata mtu hufa.

Na kijana wa kiume akikojoa damu, asiambiwe anabalehe. Nimelisikia hilo mara nyingi, na linachelewesha tiba.

Nina damu na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Nimetibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, sijapona.

Dada, kama ulikulia karibu na mto au lambo, mweleze mhudumu. Mayai ya kichocho cha mkojo hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta dalili hizo, na vidonda vyake hurahisisha maambukizi ya VVU. Wengi hudhaniwa wana magonjwa ya zinaa, ndoa zikaingia doa bure. Omba kupimwa mkojo, uupeleke ule wa mchana. Na hata usipoonekana na mayai, omba pia shingo ya kizazi iangaliwe.