Mkato uliozaa vitenge vinne

Kijana mmoja ninayemfundisha Python, lugha ya kuandikia programu, hapa Bukavu alikuwa anamtengenezea mama yake kiprogramu cha kuuzia vitenge pale Kadutu. Akaandika bei = 2,5 kisha bei * 2, akingoja dola 5. Ikatoka (2, 5, 2, 5).

"Mwalimu, hii mashine imeharibika."

Dhana: programu isipolalamika, imenielewa.

Sisi tuliosomea Kifaransa tunatenga desimali kwa mkato. Lugha za programu hutenga kwa nukta. Python ikikuta 2,5 inaona vitu viwili, mbili na tano, vimefungwa pamoja. Ukizidisha kwa 2, inarudia fungu lote. Hailalamiki kwa sababu kwa sheria zake hakuna kosa. Kwangu mimi huu ndio mtego mbaya kuliko yote, maana maandishi mekundu ya kosa angalau yanakuonyesha mstari wa kutazama.

Alipoweka nukta, ikatoka 5.0. Furaha ikadumu dakika chache: akajaribu senti, 0.1 + 0.2, akapata 0.30000000000000004.

Dhana: Python haijui hesabu.

JavaScript na Java, lugha nyingine za programu, zinatoa jibu lilelile, kwani zote zinafuata IEEE 754, kanuni ya namba zenye desimali kwenye kompyuta iliyotoka mwaka 1985. Namba hizi huhifadhiwa kwa sifuri na moja tu, na humo moja ya kumi haiishi, kama 1 gawanya kwa 3 isivyoisha tukiandika 0.333. Lazima ikatwe mahali. Kwa pesa, hesabu senti nzima: 10 + 20. (Kwa franga huumizwi kichwa; nani bado anauza kitu kwa nusu franga?)

Dhana: kupanga namba ni kupanga namba.

Si kwa JavaScript. Ipe sort(), amri yake ya kupanga, bei za 500, 2500 na 1000, itakurudishia 1000, 2500, 500. Inazigeuza maandishi kwanza, halafu inazipanga kama kamusi. Ili izipange kama namba, andika sort((a, b) => a - b).

Dhana: ukiondoa desimali, nusu hupanda juu daima.

Katika Python 3, round(), amri ya kukadiria hadi namba nzima, hufanya hivi: round(2.5) ni 2, ila round(3.5) ni 4: nusu kamili huelekea namba shufwa iliyo karibu. Kijana alibisha, akaenda kumwonyesha mama yake. Mama akaangalia kioo cha kompyuta, akasema mteja wa mbili na nusu atalipa tatu.