Mvinyo Uliokomaa wa Bordeaux Hauhitaji Saa Nyingi za Kupumua
Wanywaji wengi huamini kwamba kadiri mvinyo mwekundu wa Kifaransa unavyokuwa wa miaka mingi na wenye sifa kubwa, ndivyo unavyopaswa kufunguliwa mapema zaidi ili upate hewa. Kwa mvinyo uliokomaa, imani hiyo huharibu kile hasa kilicholipiwa fedha nyingi.

Chukua mfano wa mvinyo wa mwaka 1982 kutoka Pauillac, mji mdogo katika eneo la Bordeaux nchini Ufaransa, mwaka ambao mavuno yake ya zabibu yalisifiwa sana kote Bordeaux. Ulipokuwa mchanga ulijaa tanini, ambazo hukausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea, na wakati huo hewa ingeusaidia kweli. Lakini katika miongo iliyofuata tanini na viini vya rangi huungana, vikawa vizito na kutuama chini ya chupa kama mashapo. Wekundu huelekea rangi ya tofali, na harufu ya matunda huipisha ile ya majani makavu, ngozi na tumbaku. Harufu hizo, ambazo ndizo uzuri wote wa umri, ni nyepesi mno, na oksijeni inaweza kuzififisha kabla wageni hawajaketi mezani.

Kung'oa kizibo pekee hakubadilishi mengi, kwa kuwa shingo ya chupa ni nyembamba. Hatari ipo katika kuumimina kwenye chombo kipana na kuuacha. Émile Peynaud, mtaalamu mashuhuri wa mvinyo huko Bordeaux, alishauri mvinyo uhamishwe chombo kwa ajili ya kuutenga na mashapo tu, tena muda mfupi kabla ya kunywewa. Isimamishe chupa tangu siku iliyotangulia, mimina polepole bila kuitikisa, nusa kabla ya kuonja, kisha urudie kunusa kila baada ya dakika chache, maana glasi yenyewe huupa hewa ya kutosha.