Uzalishaji wa jozi: nishati inapogeuka chembe

Uzalishaji wa jozi ni tukio ambamo fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, isiyo na masi, inatoweka na mahali pake zinatokea chembe mbili zenye masi: elektroni na pozitroni. Pozitroni hulingana na elektroni kwa masi, ila chaji yake ni chanya. Hazikuwa zimejificha ndani ya mwanga. Hazikuwapo kabisa.

Gharama yake inatokana na mlinganyo wa Einstein wa 1905, E = mc². Masi ya elektroni moja ni sawa na nishati ya elektronivolti 511,000 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati), kwa hiyo jozi inadai angalau 1,022,000. Fotoni ya mwanga tunaouona ina 2 au 3 tu, ndiyo maana jua la Oktoba hapa Lubumbashi, pamoja na ukali wake wote, halizai elektroni juu ya bati. Wingi wa fotoni hizo nao hausaidii. Katika soko la Kenya, hapa hapa mjini, unaweza kulipa deni kidogo kidogo. Hapa fotoni moja inatakiwa kuleta bei yote kwa mkupuo.

Mionzi ya gama, mwanga usioonekana wenye fotoni za nishati kubwa, inaimudu bei hiyo. Chukua mawe ya urani, kama yale ya mgodi wa Shinkolobwe karibu na Likasi. Urani ikioza, yaani atomi zake zikivunjika zenyewe, baada ya hatua nyingi hutokea bismathi-214, ambayo hutoa, miongoni mwa mingine, mionzi ya gama ya elektronivolti 1,764,000. Sehemu yake ndogo huzaa jozi humohumo ndani ya mwamba. Iliyobaki, na ndiyo mingi, hugongana na elektroni na kupungua nguvu.

Kwa nini ziwe mbili? Fotoni haina chaji, hivyo jumla ya chaji lazima ibaki sifuri. Tena haiwezi kugeuka ikiwa peke yake katika ombwe: panahitajika kiini cha atomi jirani kipokee sehemu ya msukumo wake, na kiini kizito hufaa zaidi, risasi kuliko shaba.

Mwanafizikia Dirac aliibashiri pozitroni mwaka 1931, mwenzake Anderson akaiona 1932 katika mionzi itokayo angani, na mwaka uliofuata wanafizikia Blackett na Occhialini wakaonyesha jozi zenyewe.

Pozitroni haidumu ndani ya maada. Ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha, mara nyingi, fotoni mbili za elektronivolti 511,000 zinazokimbia pande zilizopingana. Mashine za PET hospitalini, zinazopiga picha za ndani ya mwili, hutumia fotoni hizo kutafuta uvimbe wa saratani mwilini.