Ununuzi wa moja kwa moja ni nini? Tuangalie spea za injini ya meli ya kivita

Ukienda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwenye maduka ya spea, kutafuta beringi ya gari, muuzaji atakuuliza namba ya chesisi kabla hajakutajia bei. Ukishaijua namba, maduka ya kuzunguka ni mengi: huyu ana iliyotumika kutoka Japani, yule ana mpya ya Uchina, wa tatu anakuapia kuwa yake ni ya kampuni yenyewe. Unapatana bei, unachukua. Huo ndio ushindani, na Serikali nayo inatakiwa kununua hivyo hivyo. Ibara ya 227 ya Katiba inadai haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu.

Sasa chukua meli. Miaka ya 1980 Kenya ilinunua Uingereza meli mbili za makombora, KNS Nyayo na KNS Umoja, kila moja ikiendeshwa na injini nne za dizeli aina ya Paxman Valenta. Injini za ukoo huo huo ndizo zilizokuwa zikivuta treni za kasi za Uingereza, InterCity 125. Pistoni ya injini kama hiyo ikichakaa pale Mtongwe, kambi ya jeshi la majini huko Mombasa, hakuna Kirinyaga ya kuzunguka. Michoro, aina ya chuma na vipimo vyake anavyo mtengenezaji wa injini.

Hapo ndipo panapotumika ununuzi wa moja kwa moja: taasisi ya umma inamwendea muuzaji mmoja na kujadiliana naye bila kutangaza zabuni kwa wote. Kwa Kenya, njia hii imo katika kifungu cha 103 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Inakubalika, kwa mfano, bidhaa ikiwa inapatikana kwa mtu mmoja tu, au spea mpya ikiwa lazima ioane na mtambo ulionunuliwa zamani. Sharti ni kwamba lengo lisiwe kukwepa ushindani. Bei nayo haipokelewi tu jinsi ilivyokuja: kamati huteuliwa kujadiliana na muuzaji, na mkataba huandikwa na kutiwa saini.

Watu wengi Nairobi wakisikia hakukuwa na zabuni, husema papo hapo kuwa kuna mtu amekula. Siwalaumu, tumeona mengi. Lakini kwa spea za meli, ushindani halisi ulikwisha siku injini ilipochaguliwa. Aliyechagua injini alichagua pia muuzaji wa spea kwa miaka thelathini ijayo.

Hata hivyo, hoja ya “ni huyu tu anayeiuza” inafaa kuchunguzwa. Mtengenezaji wa injini hatengenezi kila kitu kilichomo ndani yake. Beringi, sili na vichujio mara nyingi hununua kwa viwanda vingine, kisha huvitia kwenye boksi lenye jina lake na namba yake. Nchi za NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, hukipa kila kifaa namba ya tarakimu 13. Nne za kwanza huonyesha kundi, na 2010 ni kundi la vipuri vya kuendeshea meli na mashua. Chini ya namba moja wanaweza kuorodheshwa watengenezaji zaidi ya mmoja, na hapo upekee wa muuzaji unayeyuka. Sheria yetu nayo inakataza kutaja chapa katika masharti ya kiufundi, isipokuwa hakuna namna nyingine ya kukieleza kitu, na hata hapo lazima kinacholingana nacho kikubaliwe.

Kisingizio kingine ni dharura. Kifungu hicho cha 103 hakikubali dharura iliyoweza kutabirika wala iliyoletwa na uzembe wa mnunuzi. Injini ya meli ina saa zake za kufunguliwa na kukarabatiwa, zimeandikwa kwenye kitabu chake tangu siku ilipofungwa. Ringi za pistoni zilizochakaa kwa ratiba hazijamvamia mtu usiku.