Kodi ya riba ya akiba Uingereza: yanayosemwa na yaliyopo

Wenzetu wengi wanaofanya kazi Uingereza, wauguzi waliopanda vyeo, wahandisi, madaktari, wamejikuta wanalipa kodi ya asilimia 40 bila hata kubadili kazi. Mpaka wa kiwango hicho umekaa kwenye mapato ya pauni 50,270 kwa mwaka tangu Aprili 2021, huku mishahara ikisogea juu mwaka baada ya mwaka. Riba za benki nazo zilipopanda kuanzia 2022, akiba iliyokuwa haizai kitu ikaanza kuzaa kiasi cha kudaiwa kodi. Maneno yanayopita vibarazani na kwenye magrupu kuhusu kodi hiyo yanawagharimu watu pesa walizozitolea jasho, na hilo linaniuma.

«Benki imeshakata.»

Haijakata. Benki zilikuwa zikikata asilimia 20 mpaka mwanzoni mwa Aprili 2016. Tangu tarehe 6 mwezi huo riba huingia kwenye akaunti nzima nzima, na hesabu ya kodi inabaki kati yako na mamlaka ya kodi, HMRC. Mlipaji wa asilimia 20 ana pauni 1,000 za riba kwa mwaka zinazotozwa sifuri. Wa asilimia 40 ana pauni 500. Anayevuka pauni 125,140 hana hata moja.

«Nisiposema, hawatajua.»

Watajua. Mwaka wa kodi unapofungwa tarehe 5 Aprili, benki hupeleka HMRC taarifa za riba waliyolipa. Kwa mwajiriwa ambaye mapato yake ya akiba na uwekezaji hayajafika pauni 10,000, kwa kawaida hahitaji kujaza ritani (fomu ya mapato ya mwaka inayopelekwa HMRC) kwa ajili ya riba hiyo. HMRC hubadilisha msimbo wa kodi unaouona kwenye hati ya mshahara, na mwajiri anakata kidogo kidogo. Chukua mtu mwenye mshahara wa pauni 58,000 na riba ya 1,300. Pauni 500 hazitozwi, 800 zinatozwa asilimia 40, deni ni pauni 320. Msimbo wake wa 1257L (yaani pauni 12,570 zisizotozwa kodi) unashuka kuwa 1177L (pauni 11,770).

Tatizo ni kwamba msimbo wa mwaka huu hujengwa juu ya riba ya mwaka uliopita. Ukitoa akiba yote ukalipia nyumba, utaendelea kukatwa kana kwamba fedha bado ziko benki, mpaka uwaarifu au mpaka wafanye hesabu upya mwaka ukiisha. Na kama taarifa ya benki haikulinganishwa na jina lako, deni halifutiki: unatakiwa uwaambie mwenyewe kufikia tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo wa kodi. Riba ikifika 10,000, ritani ni lazima.

«Mshahara wangu haufiki 50,270, basi nina pauni 1,000 zangu.»

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Riba yenyewe inahesabiwa kama mapato wakati wa kuamua uko kundi gani, pamoja na ile sehemu inayotozwa sifuri. Mwenye mshahara wa 49,900 akipata riba ya 900, jumla yake ni 50,800. Amevuka mpaka kwa pauni 530, na kwa hiyo ile 1,000 inageuka 500. Pauni 400 zilizobaki ziko juu ya mpaka, zinatozwa asilimia 40: anadaiwa 160.

Lakini mtu huyohuyo akichangia pensheni binafsi pauni 530 (yeye anatoa 424, mtoa pensheni anaongeza nafuu ya kodi), mpaka wake unasogea hadi 50,800. Anarudi kundi la asilimia 20, pauni 1,000 zake zinarejea, na kodi ya riba inakuwa sifuri. Sadaka zinazotolewa kwa utaratibu wa Gift Aid (shirika hudai serikalini kodi uliyokwisha kuilipia sadaka hiyo) nazo husogeza mpaka vivyo hivyo. Anayechangia misikiti, makanisa au mashirika ya misaada yaliyosajiliwa atunze stakabadhi.

Aliyeko Scotland asichanganywe na viwango vya mshahara vya huko; riba yake hupimwa kwa mipaka ya Uingereza nzima.

«Mimi napata faida, si riba.»

Waislamu wengi huweka akiba kwenye benki za Kiislamu kama Al Rayan au Gatehouse, na kwa dini yao tofauti hiyo ni ya msingi. Sheria ya kodi, tangu 2005, huitoza faida ya akaunti hizo sawasawa na riba. Njia ya kuikinga ni ileile ya wengine: ISA, akaunti maalumu isiyotozwa kodi, ambayo hupokea hadi pauni 20,000 kwa mwaka na haitajwi kwenye ritani kabisa. Zipo ISA za Kiislamu.

«Akaunti ya nyumbani Afrika haiwahusu HMRC.»

Mkaazi wa Uingereza hutozwa kwa mapato ya dunia nzima, ukiacha wageni walio ndani ya miaka minne ya kwanza wanaotimiza masharti ya utaratibu ulioanza Aprili 2025. Amana ya muda maalumu iliyoko Nairobi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, ya Dar es Salaam asilimia 10. Makato hayo unaweza kuyapunguza kwenye deni la Uingereza, lakini mlipaji wa asilimia 40 bado atabakiwa na tofauti. Msimbo wa kodi hauioni riba hii. Mahali pake ni ritani, kwenye kurasa za mapato ya nje.

«Kwenye ritani natoa kwanza zile 500.»

Usitoe. Andika riba yote. Mfumo utaitoa wenyewe. Akaunti ya pamoja ya mume na mke, kila mmoja anaandika nusu.

«Lazima nilipe kwa mkupuo Januari.»

Tarehe 31 Januari ndiyo mwisho wa kuwasilisha kwa mtandao na kulipa. Ila deni likiwa chini ya pauni 3,000 na ritani ikawasilishwa kabla ya tarehe 30 Disemba kupita, mwajiriwa anaweza kuomba likatwe kwenye mshahara wa mwaka wa kodi unaofuata. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2027 hiyo asilimia 40 ya riba itakuwa 42.